Nilimshawishi shangazi aandike maisha yake, akaenda kumsimulia wifi

Kwa nini amsimulie yeye, asinisimulie mimi?

Wakuu, hilo swali nimetembea nalo kuanzia Bariadi hadi Dar, na kwa miaka mingi sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ndiyo maana nimekuja.

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za majukumu. Humu huwa nasoma visa vya wenzangu na kuuliza maswali ya kukera kwenye comments, wengine mnanijua kwa hilo. Leo mniulize mimi. Ninayoandika yalitokea nyumbani kwetu, majina tu nimebadilisha, na pale nilipokuwa mtu wa ovyo nitajiacha hivyo hivyo, wa ovyo.

Twende.

Miaka hiyo Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, Bariadi tulihesabiwa Shinyanga. Soko la pamba ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha msingi. Sasa kila wiki linakuja lori la kampuni nyingine, linashusha mzani, na watu wanakimbilia huko.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Waliotutangulia walipangiwa kazi na serikali kabla hawajarudisha majoho. Sisi tuliambiwa soko litaamua.

Soko likaamua nirudi kwa shangazi.

Kwetu shangazi tunamwita Sengi. Huyu wa kwangu ni Sengi Milembe, dada wa baba. Alitulea mimi na kaka yangu Masanja baada ya wazazi wetu kufariki, nikiwa na miaka sita. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Aliwahi kuolewa, akaachika, akahamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, akalima, na ukubwani akasoma kisomo cha watu wazima mpaka akapata cheti. Hicho cheti alikitundika sebuleni. Changu cha kidato cha sita alikitundika chini yake.

Nilimwuliza kwa nini changu kiko chini.

"Kwa sababu mimi nilisoma nikiwa nimeshachoka," alisema.

Sasa, chuoni tulikuwa na mhadhiri mmoja aliyetuambia historia ya nchi hii imekaa vichwani mwa wazee wetu na inazikwa nao. Hayo maneno yaliniingia sana. Nilirudi nyumbani na kaunta buku jipya, kalamu mbili, na redio kaseti ya kuazima.

Nikamwambia, "Sengi, andika maisha yako. Au niambie mimi niandike."

"Niandike nini? Nimelima, nimepika, nimelima tena."

"Hivyo hivyo. Tuanzie hapo."

Nilimkalisha mezani. Nikabonyeza redio. Nikafungua maswali yangu, nilikuwa nimeyaandaa kwa mafungu kama utafiti wa kweli.

"Ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige."

"Nzige wa mwaka gani?"

"Wale waliokula mtama."

"Sengi, nzige wote wanakula mtama."

"Basi kama unawajua, unaniuliza nini?"

Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Kila alichosema nilitaka uthibitisho. Nani mwingine alikuwepo? Una uhakika ilikuwa masika? Mbona juzi ulisema vingine? Mwisho aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akasema mboga inaungua. Jikoni kwenyewe moto ulikuwa haujawashwa.

Nikajisemea huyu mama hana kumbukumbu, au anazificha. Nikamwachia kaunta buku mezani, nikamwambia akiwa tayari aandike mwenyewe.

Sasa niwalete kwa Ngolo.

Ngolo ni mke wa kaka Masanja, wifi yangu. Alitokea kwa wafugaji wa upande wa Nkololo, boma la ng'ombe wengi na maneno machache. Aliolewa nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, kwa hiyo niliporudi nilimkuta ameshakuwa mwenyeji. Kaka alikuwa anafanya kazi Malampaka, anapimia pamba kampuni moja ya hao wapya, anarudi kwa wiki mara moja. Nyumbani tukabaki wanawake watatu.

Nikimwangalia, sikuona cha kuonea wivu. Mkimya, mrefu, mikono mikubwa. Aliniambia aliishia darasa la saba. Mchana kutwa kazi. Asubuhi ananipigia goti, "Mwangaluka wifi," mpaka naona aibu, maana tulikuwa karibu umri mmoja.

Lakini alikuwa anamwita Sengi "mayu". Mama.

Mimi niliyelelewa tangu miaka sita nilikuwa naita Sengi. Huyu amekuja juzi tu, anaita mama. Najua ndiyo desturi, mama mkwe ni mama. Naelewa kabisa. Kuelewa hakukunisaidia.

Kulikuwa na kazi moja pale nyumbani niliyokuwa naidharau kuliko zote, nayo ni kuchambua pamba. Ambao hamjatoka kanda ile: pamba ikivunwa, mnakaa chini na kuitenga. Ile nyeupe isiyo na doa inaitwa safi. Yenye madoa, vumbi na majani inaitwa fifi. Zamani mnunuzi aliangalia, na bei zilikuwa mbili. Soko lilipofunguliwa, hawa wa malori hawakuangalia kitu. Safi na fifi zinaingia gunia moja, mzani mmoja.

Sengi aliendelea kuchambua.

"Sengi, hakuna anayeangalia siku hizi. Ni soko huria."

"Mimi naangalia," alisema.

Basi kila baada ya chakula cha mchana anatandika turubai barazani, anamwaga pamba, anakaa na Ngolo. Mimi nabaki ndani na magazeti yangu, naandika barua za kuomba kazi. Dirisha langu lilitazama baraza.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia.

Mwanzoni nilidhani ni soga za kawaida. Kisha nikasikia, "Baba alikuwa na ng'ombe." Kimya. "Ng'ombe alivaa kengele." Kimya kirefu. "Kengele ililia."

Nikaacha kuandika.

Alikuwa anasimulia utoto wake! Taratibu, sentensi moja, anasubiri, anairudia ileile tena, kama mtu anayeilamba. Nikachungulia. Sengi mikono iko kwenye pamba. Ngolo ameweka lile kaunta buku langu juu ya goti, ameinama, anaandika.

Kaunta buku langu, wakuu. Nililolinunua mimi.

Siku hiyo nilitoka barazani kwa kisingizio cha maji. Wote wawili wakanyamaza. Ngolo akafunga daftari, akalifunika kwa khanga, na Sengi akaanza kuzungumzia mvua.

Siku ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Nikitokea, mvua.

Kwa nini yeye?

Nilikuwa na digrii. Nilikuwa na maswali. Ndiye niliyeleta hilo wazo, hata kalamu aliyoandikia ilikuwa yangu. Na mwanamke asiyejua tofauti ya insha na barua ndiye amekaa pale anapewa maisha ya mtu kijiko kwa kijiko.

Nilianza kuwahesabia mambo yote. Jumapili kanisani wanakaa benchi moja, na Ngolo hafungui kitabu cha nyimbo, anamwangalia Sengi mdomoni na kuimba anachoimba. Nikasema huyu anajipendekeza mpaka kwa Mungu. Kaka akituma kikaratasi kutoka Malampaka, Ngolo hakisomi pale tunapokaa, anakipeleka kwanza kwa Sengi chumbani. Nawasikia wanacheka. Nikasema hata barua ya mume wanasoma wawili? Mimi ndugu wa damu wa huyo mume nimekaa hapa nimekodoa macho?

Siku moja nikamtania, ule utani wenye miba. "Wifi, siku hizi umekuwa mwandishi."

"Nani, mimi? Mwandishi ni wewe, msomi."

"Si nakuona barazani unaandika."

Akaangalia chini. "Mayu ananituma tu."

"Anakutuma kuandika nini?"

"Vya kwake."

"Nionyeshe basi."

"Vya kwake," alirudia, na akabeba ndoo akaenda zake.

Nilipomwuliza Sengi mwenyewe, hakuacha kuchambua. "Wewe ulisema mtu aandike. Mtu anaandika. Una tatizo gani?"

"Nilisema wewe uandike."

"Nina kazi mkononi."

"Basi mimi nikuandikie. Nina digrii ya hayo mambo, Sengi."

"Najua," alisema. "Nimekitundika cheti."

Acheni nikiri. Nilikonda. Mtu anakonda kwa kukosa chakula, mimi nilikonda kwa kukosa stori.

Kilichonikata zaidi ni mlango. Mlango wa mbele wa nyumba yetu ulikuwa wa mbao nzito, mweusi, mfupi kuliko fremu yake, chini umeongezewa ubao. Nimeugonga na kuufunga miaka yangu yote. Mchana mmoja nikasikia kupitia dirisha, "Nilitoka Shishiyu. Nilibeba mlango. Nilibeba mlango kichwani."

Sikuwahi kujua. Miaka yote ile naingia na kutoka kwenye huo mlango, na aliyekuja kuujua wa kwanza ni mgeni.

Alhamisi moja walikwenda wote wawili kwenye mazishi kijiji cha jirani. Mimi nikabaki kulinda nyumba. Sikuchelewa. Niliingia chumba cha Ngolo, nikainua godoro, nikalikuta.

Alikuwa amelifunika kwa gazeti, kwa unadhifu, kama wanafunzi wa shule ya msingi. Nikafungua.

Kurasa za mwanzo hazikufunguka. Zilikuwa zimeshonwa. Kwa sindano na uzi mweupe, ukingoni, mishono midogo midogo. Huo ulikuwa mshono wa Sengi, ndivyo alivyokuwa anashona sare zangu.

Nilikaa nimeushika ule mshono. Kuna kitu kimeandikwa humo, na kimeshonwa ili nisikione mimi. Nani mwingine angelifungua daftari lile? Kulikuwa na mkasi mezani. Sikuthubutu. Kukata uzi ni ushahidi, na mimi nilikuwa nimekuja kama mwizi.

Nikasoma yaliyofuata. Nikaanza kucheka, halafu nikakasirika.

Mwandiko mkubwa, umelala, unapanda na kushuka. "Baba alikua na ngombe. Ngombe alivaa kegele." Sentensi fupi, hazina mwaka, hazina majina. Ngoma aliyoicheza usichanani, mistari mitatu. Kuhamishwa kijiji, mistari minne. Mume aliyemuacha, mstari mmoja: "Aliondoka na baiskeli." Maisha ya mwanamke aliyenilea yameandikwa kama maelezo ya picha za kitabu cha watoto!

Nikasema, hii ndiyo kazi niliyonyimwa? Hii?

Sasa miezi hiyo nilikuwa nafundisha tuition watoto wa jirani, kwa hiyo kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Nilikaa kwenye kitanda cha wifi yangu na kusahihisha.

Kila kosa nilizungushia duara. Alikua, alikuwa. Kegele, kengele. Pembeni nikaandika maswali. "Mwaka gani?" "Nani anathibitisha?" "Sentensi fupi mno!" Penye mlango niliandika, "Kwa nini mlango? Fafanua." Penye baiskeli, "Na wewe ulijisikiaje?" Kurasa kumi na moja. Nilipomaliza, daftari lilikuwa kama limechinjiwa kuku.

Nilijiambia nasaidia. Kwamba wakiona wataelewa kazi kama hii inahitaji mtu aliyesoma. Watanijia.

Nikalirudisha chini ya godoro.

Jumamosi Sengi akaniita barazani. Ngolo alikuwa pembeni anamenya viazi vya kukausha michembe, hakuinua kichwa. Daftari liko wazi mapajani mwa Sengi.

"Kabula," Sengi alisema. "Umempa ngapi?"

"Sijaelewa."

"Mwalimu akisahihisha anatoa alama. Natafuta alama siioni. Umempa ngapi?"

"Sengi, nilikuwa nasaidia."

"Uliombwa?"

Ngolo ndiye aliyejibu, bila kuacha kumenya. "Mwache, mayu. Msomi amechoka kusahihisha, makosa yalikuwa mengi." Akajaribu kucheka. Kisu kilikuwa kinakata nyama ya kiazi badala ya ganda, vipande vinene vinaanguka.

"Mimi nilidhani napiga soga kwangu barazani," Sengi alisema, "kumbe niko kwenye mtihani." Akafunga daftari. "Wewe unapita unaambia watu andikeni maisha yenu, andikeni. Ya kwako umeandika?"

"Mimi bado sijaishi."

"Haya. Ukishaishi utaniambia."

Hakupaza sauti hata kidogo. Afadhali angepaza.

Kuanzia siku hiyo baraza lilinyamaza. Pamba inachambuliwa, hakuna anayesema. Nikajitia kukaa nao kwenye turubai, nami nikachambua, vidole vikachanika kwa yale magamba makavu. Sengi akawa anapitia fungu langu la safi na kutoa fifi nilizozipitisha. Nilisubiri aseme jambo, hata moja. Wiki tatu nilisubiri.

Nikapata kazi Dar. Nikaondoka. Sengi alinifungia matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, kwenye mfuko, akanipa mkono, akasema, "Wabeja kwa daftari."

Wabeja ni asante, ila sikujua kama ni shukrani kweli au kijembe. Nilibishana nayo njia nzima.

Miaka ikapita, wakuu, ile miaka inayopita mtu akiwa na kazi na nyumba ya kupanga. Nilikuwa nakwenda nyumbani kila mwaka. Tulikuwa vizuri, si kwamba tuligombana. Ila daftari hatukulitaja tena. Nikimwona Ngolo na Sengi wanazungumza jikoni, natega sikio vilevile. Nimesoma mengi kuhusu wivu na nimeutafutia majina ya kisomi. Bado ulikuwa wivu.

Kisha Sengi akafariki, kwa uzee, nyumbani kwake.

Mnajua kwenye mazishi yetu kuna kipengele cha historia ya marehemu. Mtu wa familia anasimama mbele ya jeneza na kusoma. Nilipanda basi nikiwa nimeshaandika yangu. Kurasa mbili zilizochapwa, zina aya, zina mtiririko. Tarehe ya kuzaliwa nilikuwa nimeikadiria kutokana na nzige.

Nilipofika, kaka Masanja akanivuta pembeni.

"Historia atasoma Ngolo."

"Ngolo mke wako?"

"Sengi ndiye aliyesema. Alisema mwenyewe, kabla."

"Masanja, mimi ndiye niliyelelewa naye. Mimi na wewe."

"Na mimi sisomi, kwa hiyo tulia."

Nilitulia vipi? Nilikaa na karatasi zangu kwenye pochi, na mbele ya marehemu, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba Ngolo akwame.

Hakukwama. Alisimama na kaunta buku lile lile, gazeti la juu limebadilishwa. Akasoma kwa sauti pana, kama mtu anayeita ng'ombe kutoka mbali.

"Baba alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe alivaa kengele. Kengele ililia, ndipo nilijua ni jioni."

Hicho kipande cha mwisho hakikuwepo. Nilikuwa nazijua zile kurasa kwa kichwa, hakikuwepo.

Akaendelea. Alipofika kwenye kuhamishwa, alisoma: "Nilibeba mlango kichwani kutoka Shishiyu. Kwa nini mlango? Kwa sababu ukuta utajenga kwa udongo wa popote, na paa utakata majani popote. Mlango niliuchongesha mimi, mwaka ule nilipobaki peke yangu. Niliona nikiwa na mlango, nitakapoutegemeza hapo ni kwangu."

Watu wakaguna. Mimi nikashika benchi.

Kwa nini mlango, fafanua. Hilo ni swali langu. Hiyo ni kalamu yangu nyekundu.

"Mume aliondoka na baiskeli. Nilijisikiaje? Nililia siku mbili. Moja ya mume, moja ya baiskeli."

Msibani watu walicheka, wakuu, walicheka na machozi. Na mimi nikiwa nimeziba mdomo kwa khanga, maana nilielewa kwamba alikuwa amejibu. Sengi alijibu kila swali nililoandika pembeni mwa kurasa zile. Kila moja. Ila hakunijibu mimi. Alimjibu Ngolo, Ngolo akaandika.

Hata "nani anathibitisha" ilijibiwa. "Anayebisha aende akauangalie mlango."

Baada ya watu kutawanyika nilimfuata Ngolo jikoni, nikaomba daftari. Nilimwomba vizuri, kwa mara ya kwanza.

"Wifi, nikupe?" alisema. "Bado nalitumia."

Unalitumia! Unalitumia kufanya nini, mtu ameshazikwa? Sikusema, lakini nadhani uso ulisema. Nikarudi Dar na karatasi zangu mbili ambazo hakuna aliyezisikia.

Hapo ningeweza kuishia, na nilishaishia hapo miaka kadhaa. Nikiulizwa na wenzangu kuhusu hii hadithi, nilikuwa nasema shangazi alimpenda wifi kuliko mimi, basi. Wengine hupendwa.

Mwezi uliopita Ngolo alikuja Dar kwenye kikao. Sasa hivi ni katibu wa kikundi cha wakinamama wakulima kule kwetu, anaandika mihtasari, anasoma taarifa mbele ya viongozi. Akafikia kwangu. Siku ya kuondoka akaniwekea mezani kaunta buku, limechakaa, kingo zimeliwa na panya.

"Sasa nimemaliza nalo," alisema.

Nimelisoma lote. Nimelia kidogo. Nimekuwa na wivu pia, siwadanganyi. Hata sasa nikisoma mstari mzuri nasikia kama mtu kala sahani yangu.

Nilichojifunza nitakisema kwa ufupi, maana simu inaisha chaji. Ukitaka mtu wako aandike au asimulie maisha yake, mpe daftari halafu kaa chini ushike kazi aliyoshika yeye. Pamba, mchele, maharage, chochote. Maswali yatapata zamu yake. Na ukiona amemchagua mwingine, usiingie chumbani kwa mwingine na kalamu nyekundu. Pia anza na yako. Sengi aliniambia nikishaishi nimwambie, nimechelewa, ndiyo maana nawaambia ninyi.

Je, kwenu nani ameandikwa? Aliandikiwa na nani, na wewe ulikuwa umekaa wapi? Njooni mseme. Wenye maswali ya kukera pia karibuni, nimewastahili.

Nimebakiza zile kurasa zilizoshonwa. Nimeziweka mwisho kwa sababu nami nilizijua mwisho.

Ngolo alipoona nauangalia ule mshono, alicheka mpaka akakaa. "Kabula! Daftari zima ulilipaka damu, ukaogopa uzi?"

"Kuna nini humu?"

"Kata."

Nikakata.

Kurasa nne. Juu, mwandiko wa Sengi, umenyooka. Chini yake, mwandiko mwingine, wa mkono usiojua kalamu inashikwaje. Ukurasa wa kwanza ulikuwa a e i o u mpaka mwisho wa karatasi. Wa pili ba be bi bo bu. Wa tatu ulikuwa baba, ng'ombe, kengele. Wa nne ulikuwa neno moja tu, Ngolo, mara thelathini na mbili, na la mwisho ndilo lililokuwa sahihi.

Mbele kidogo, kwenye kurasa nilizozichinja, kila neno nililolizungushia duara jekundu lilikuwa limeandikwa tena chini, mara kumi, bila kosa.

Ngolo hakuishia darasa la saba. Alikuja kwetu akiwa hajawahi kuingia darasani hata siku moja.